Kuhariri Maandishi ya Mkono kwenye Kompyuta ya Kalamu: Mwongozo kwa Makatibu na Wote Wanaoandika Wakiwa Kazini

Mwongozo huu nimewaandikia makatibu wa vikundi, walimu, maofisa ugani na wengine wote ambao huandika kwa kalamu juu ya kioo cha kishikwambi au kompyuta, kisha wakiketi kusoma walichoandika hukuta maneno yamerukwa, hesabu zimekaa pasipo pake, na hoja iliyosemwa mwanzo wa kikao imeandikwa mwisho wa ukurasa. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakaushaji wa dagaa katika mwalo wa Kibirizi, Kigoma. Kazi yangu ni kuandika mihtasari ya vikao pamoja na hesabu za visado vilivyopokelewa, vilivyoanikwa na vilivyouzwa, na tangu nilipoacha daftari la karatasi nimejifunza kwamba kuandika kwenye kioo ni rahisi, ila kusahihisha kilichoandikwa ni ujuzi unaojitegemea.

Kanuni ninayoisimamia ni kwamba maandishi ya mkono yahaririwe yakiwa bado ni ya mkono, na yageuzwe kuwa maandishi ya chapa mwisho kabisa. Wengi hufanya kinyume chake: wakishamaliza kuandika, hubonyeza mara moja kitufe cha kugeuza, kisha huanza kusahihisha kwa kibodi. Mimi pia nilifanya hivyo. Kikao kimoja nilikigeuza moja kwa moja kutoka kwenye mwandiko, nikaufuta mwandiko wenyewe ili kupunguza mzigo wa kumbukumbu, na siku ya malipo ikaonekana visado 17 vya mwanachama mmoja vimesomeka 11. Hapakuwa tena na mwandiko wa kurejea, na mama yule alilipwa pungufu mpaka tulipokubaliana kwa ushahidi wa midomo. Tangu siku hiyo siufuti mwandiko kabla ya hesabu kufungwa.

Kwanza, fahamu kalamu inaacha nini kwenye kioo

Kalamu inapogusa kioo na kutembea, kompyuta haipigi picha ya herufi. Huhifadhi mfululizo wa vituo ambavyo ncha ya kalamu imepitia, ikivipima zaidi ya mara mia moja kwa sekunde, na mara nyingi huhifadhi pia nguvu ya mgandamizo katika kila kituo. Mstari wote uliochorwa tangu ncha ilipogusa kioo hadi ilipoinuliwa huhesabiwa kuwa kitu kimoja, na katika mwongozo huu nitauita mchirizi. Herufi "o" huwa ni mchirizi mmoja, ilhali herufi "i" huwa ni michirizi miwili, mwili wake na nukta yake. Neno zima lililoandikwa kwa kuunganisha herufi bila kuinua kalamu huweza kuwa mchirizi mmoja tu. Tofauti hii ionekane ndogo au kubwa, karibu kila tatizo la kuhariri mwandiko linatokana nayo.

Ni kwa sababu hiyo picha ya ukurasa wa daftari iliyopigwa kwa simu haiwezi kuhaririwa kwa njia ninazozieleza hapa, maana ndani ya picha hakuna michirizi ila madoa ya rangi. Unaweza kuandika juu yake, lakini huwezi kulishika neno moja ukalisogeza.

Wazo la kusahihisha kwa kalamu yenyewe, bila kibodi, ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1964 watafiti wa shirika la RAND huko Santa Monica, Marekani, walitangaza ubao wa kuandikia uliounganishwa na kompyuta, na kabla ya muongo ule kwisha walikuwa na mfumo ambamo mtu alikwaruza juu ya neno likafutika. Kompyuta ndogo ya Newton ya kampuni ya Apple, iliyotoka mwaka 1993, ilitumia ishara hiyohiyo ya kukwaruza, na iPad za leo zinaitambua pia. Mkono wa binadamu ulizoea kukwaruza karatasi, na wahandisi wakaufuata mkono.

Pili, ijue kalamu uliyo nayo

Kalamu hizi ziko za aina tatu, nazo hazifanani hata kidogo. Aina ya kwanza ni ile yenye ncha nene ya mpira, ambayo kwa kioo ni sawa na kidole. Haipimi mgandamizo, na kompyuta haiwezi kuitofautisha na kiganja chako, hivyo ukiegemeza mkono kioo huandika mistari usiyoitaka. Aina ya pili ina betri ndani yake na huzungumza na kioo kwa njia yake, kama ilivyo Apple Pencil iliyotoka mwaka 2015. Aina ya tatu huandika bila kuhitaji betri, kwa sababu ubao maalumu uliolazwa nyuma ya kioo huipa nguvu kwa njia ya sumaku ya umeme. Kalamu za Wacom na kalamu za Samsung ni za namna hii.

Walimu waliopewa vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, na yeyote mwenye kifaa kisichokuja na kalamu yake, wakadirie kwamba watakuwa na kalamu ya aina ya kwanza. Kuhariri kunawezekana, ila itabidi ukuze ukurasa kwa vidole viwili kabla ya kugusa neno dogo, na uweke kiganja nje ya kioo.

Kwetu mwaloni tofauti hii inaonekana wazi kwa sababu ya maji. Tone la maji ya ziwa likianguka kwenye kioo, au ukikigusa kwa mkono uliotoka kushika dagaa wabichi, kioo kinachohisi kidole huchanganyikiwa: ukurasa hukimbia, mistari hujichora, na neno ulilotaka kulisogeza hutupwa pembeni. Kalamu ya sumaku haisumbuliwi na maji kwa kiasi hicho. Mwenye kalamu ya aina hiyo na aingie kwenye mipangilio ya programu yake azime uandikaji wa kidole, ili kalamu peke yake ndiyo iandike na kufuta. Mwenye kalamu ya mpira hana budi kubeba kitambaa kikavu cha pamba na kufuta kioo kwanza. Mafuta ya mawese ni mabaya zaidi, kwa kuwa hayakauki, na ncha ya kalamu huteleza juu yake na kuacha herufi zilizopinda, kwa hiyo sipokei kalamu kutoka kwa mtu anayekaanga.

Tatu, andika ukijua kwamba utahariri

Nimeona miongozo mingi inayoanza na kufuta, ilhali nusu ya kazi huamuliwa wakati wa kuandika, na hasa kwa sisi tunaoandika Kiswahili. Maneno yetu husahihishwa kichwani na katikati. Chukua sentensi "wanachama walikubali bei mpya". Kikao kikigeuka na ukweli ukawa kinyume chake, huwezi kuongeza neno moja la kukanusha mbele ukaishia hapo. Inakupasa kupata "hawakukubali", yaani uongeze "ha" mwanzoni na ubadilishe "li" iwe "ku" tumboni mwa neno. Vilevile mtu mmoja akiwa watatu, "alileta" inakuwa "walileta", na kisado kikiwa vingi, "kimepokelewa" inakuwa "vimepokelewa". Viambishi hivi vya mwanzo ndivyo vinavyobeba nani, lini na ndiyo au siyo, na ndivyo vinavyosahihishwa mara nyingi kuliko vyote.

Kutokana na hilo nimejiwekea taratibu tatu. Naacha kati ya neno na neno nafasi ya upana wa herufi mbili au tatu, ili kiambishi kikihitajika kipate pa kukaa. Nainua kalamu mara kwa mara ndani ya neno refu, hasa baada ya viambishi, ili "wali" iwe michirizi yake na "kubali" iwe na yake. Anayeunganisha herufi zote kwa mkono wa haraka atakuta kwamba akigusa "li" kwa kifutio neno zima linatoweka. Na sikati neno mwisho wa mstari. Maneno kama "tutakapoyaanika" ni marefu, na kishawishi cha kuyagawa ni kikubwa, lakini neno lililogawanywa mistari miwili husomwa na kompyuta kuwa maneno mawili, tena yasiyo na maana yoyote.

Kikao kikiendelea, usihariri. Weka alama tu. Mimi huweka nyota pembeni mwa hoja iliyopaswa kuwa juu, na alama ya mshale mdogo mahali neno lilipokosekana, kisha naendelea kusikiliza. Katibu anayehangaika na kifutio wakati mwenyekiti anataja bei hukosa bei.

Nne, nakili ukurasa kabla ya kuugusa

Hatua hii haichukui hata dakika moja. Nakili ukurasa mzima, nakala ya kwanza uipe jina la tarehe pamoja na neno "ghafi", ya pili uiite "safi", na kuanzia hapo fanya kazi kwenye ile ya pili tu. Usitegemee kitufe cha kutendua, kile kinachorudisha nyuma ulichofanya, peke yake, maana katika programu nyingi kumbukumbu ya kutendua hupotea ukishafunga ukurasa.

Tano, futa kwa kifutio kinachofaa

Programu nyingi za kuandikia zina vifutio viwili. Kimoja hufuta mchirizi mzima kwa kuugusa tu popote, na kingine hufuta pale tu kilipopita, kama ufutio wa penseli. Kabla ya kuanza, fungua alama ya kifutio na uhakikishe ni kipi kimechaguliwa. Kifutio cha mchirizi kinafaa kuondoa neno zima au mstari mzima uliokosewa, kwa kuwa ni cha haraka na hakiachi vipande. Kifutio cha doa kinafaa kutoa kiambishi, kusahihisha tarakimu moja, au kutenganisha herufi mbili zilizoshikana. Baadhi ya kalamu zina kitufe ubavuni ambacho ukikibana kalamu inageuka kifutio. Jizoeze nacho kwenye ukurasa mtupu, kwa sababu kukibana bila kukusudia ni rahisi mno.

Baada ya kufuta, tafuta nukta zilizobaki. Nimesema kwamba nukta ya "i" ni mchirizi wake peke yake, na hapo ndipo Kiswahili kinapotutaabisha, maana herufi hiyo imejaa kila mahali. Jina la mwalo wetu, Kibirizi, lina nukta nne. Ukilifuta neno hilo kwa kugusa miili ya herufi, nukta nne hubaki zikielea juu ya mstari. Kwa macho hazionekani kuwa na madhara, lakini ukiandika tarakimu mahali pale na baadaye ukageuza mwandiko kuwa chapa, nukta moja ikikaa kati ya 2 na 5 huweza kusomwa 2.5, na visado ishirini na tano vikawa viwili na nusu. Mkato unaotenga maelfu katika fedha una tabia hiyohiyo, na pia alama ya ritifaa katika "ng'ombe" na katika majina yenye sauti hiyo. Kuza ukurasa, pitisha jicho katika nafasi uliyofuta, na uondoe kila kilichobaki.

Sita, tumia kitanzi kusogeza na kupanga

Zana yenye thamani kuliko zote katika kazi hii ni kitanzi. Ukichagua alama yake, unachora duara kuzunguka maneno unayoyataka, nayo yanashikika: unaweza kuyaburuta, kuyakata, kuyanakili, kuyapunguza ukubwa au kuyabadilisha rangi. Kwenye karatasi jambo hili haliwezekani bila kuandika upya, na ndiyo sababu iliyonifanya nikubali kuacha daftari.

Chora kitanzi kipana kuliko unavyodhani, kikipita juu ya nukta na chini ya mikia ya "g" na "y". Kitanzi kilichobana huchukua mwili wa neno na kuacha nukta nyuma, nawe hutagundua hadi umeshalihamisha. Ukiona sehemu imeachwa, tendua, uchore upya. Usijaribu kuzifuata nukta moja moja.

Ili kupata mahali pa kuingiza sentensi iliyosahaulika, usiibane juu ya mstari kama tulivyofanya shuleni. OneNote na programu nyingine kadhaa zina zana ya kuongeza nafasi, ambayo ukiivuta kushuka chini, kila kilichoandikwa chini ya mstari huo husogea pamoja na kuacha uwazi. Programu yako isipokuwa nayo, zungushia kitanzi sehemu yote ya chini ya ukurasa, uishushe, kisha uandike katika pengo. Kwa neno moja ndani ya mstari, fanya vivyo hivyo kwa upande: shika maneno ya kulia yote hadi mwisho wa mstari, yasogeze, uandike kiambishi au neno lililokosekana, kisha uyarudishe karibu. Mstari ukizidi upana wa ukurasa, shika maneno mawili ya mwisho uyapeleke mstari wa chini yakiwa mazima.

Kupanga hoja ndiko kunakoleta faida kubwa zaidi. Vikao vyetu hufanyika siku za mbalamwezi, wakati ambapo wavuvi wa dagaa wamepumzika kwa kuwa taa hazivuti samaki vizuri mwezi ukiwaka, na kwa kuwa watu hawana haraka, mazungumzo huzunguka: bei inatajwa, tunahamia kwenye vichanja vilivyooza, kisha tunarudi kwenye bei. Huwa nashika kila kipande kinachohusu bei kwa kitanzi, navikusanya chini ya kichwa kimoja kwa mpangilio vilivyosemwa, na hapo ndipo huonekana kama uamuzi ulifikiwa kweli au tulizungumza tu. Nikihamisha kipande kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine, nanakili kwanza, nabandika, nahakikisha kimefika, na kisha tu ndipo nafuta kile cha awali.

Saba, tofautisha kinachofutwa na kinachokatwa kwa mstari

Makosa yangu mimi katibu, kama tahajia, neno lililorudiwa au mstari uliopinda, nayafuta bila kubakiza alama. Lakini kiasi, bei, jina au uamuzi uliosomwa mbele ya wanachama haufutwi kwa kifutio, hata kama ulikosewa. Unakatwa kwa mstari mmoja unaoacha maandishi yasomeke, jambo sahihi linaandikwa kando yake kwa rangi nyingine, na aliyesahihisha anatia saini fupi na tarehe. Kioo kinafuta bila kuacha kovu lolote, tofauti na karatasi ambayo hukwaruzika na kusema ukweli, kwa hiyo ni lazima sisi wenyewe tuweke kovu hilo kwa makusudi. Fedha za akina mama wanaoamka alfajiri kupokea dagaa hazistahili kutegemea kumbukumbu ya katibu mmoja. Muhtasari ukishathibitishwa na kusainiwa katika kikao kinachofuata, hauguswi tena. Marekebisho yoyote yanaandikwa katika muhtasari wa kikao hicho kipya.

Nane, geuza kuwa maandishi ya chapa, sehemu kwa sehemu

Sasa mwandiko ukiwa safi, unaweza kugeuzwa. Anza kwa kufungua mipangilio ya lugha na kuangalia kama programu inatambua mwandiko wa Kiswahili, kisha ichague. Kompyuta husoma mwandiko kwa kulinganisha umbo la herufi na maneno inayoyafahamu, na ikiwa imewekwa Kiingereza italazimisha "kila" na "sisi" yafanane na maneno ya lugha hiyo, hata kama umeandika kwa hati nzuri kabisa. Programu isiyo na Kiswahili ni afadhali uache mwandiko kama ulivyo, uuhifadhi kwa umbo la PDF, na uchape mwenyewe yale yanayohitajika.

Usigeuze ukurasa mzima kwa mkupuo. Shika aya moja kwa kitanzi, igeuze, uisome ukilinganisha na nakala ghafi, ndipo uende aya nyingine. Majina ya watu uyasome herufi kwa herufi, kwa sababu majina ya Kiha na ya Kibembe hayamo katika maneno ambayo kompyuta imefundishwa, nayo huyageuza kuwa neno lililo jirani. Jedwali la hesabu mimi siligeuzi kabisa. Nalichapa kwa mkono, mtu mwingine akinisomea tarakimu kwa sauti kutoka kwenye mwandiko. Kwa tarakimu zenyewe, jenga mazoea ya kuikata 7 tumboni kwa kistari na kuifunga 0 vizuri, kwani 1 na 7, na pia 0 na 6, ndizo nilizoziona zikichanganywa mara nyingi kuliko nyingine.

Baada ya hapo hifadhi mafaili matatu katika folda moja yenye tarehe ya kikao: mwandiko ghafi, mwandiko safi wenye masahihisho yanayoonekana, na chapa. Nakili folda hiyo kwenye flashi mara tu unapopata umeme na kompyuta, bila kungoja mwisho wa mwezi. Siku ya kikao kinachofuata, isome chapa kwa sauti mbele ya wanachama, huku kishikwambi chenye mwandiko kikiwa kimefunguliwa mikononi mwa mjumbe mwingine anayefuatilia mstari kwa mstari, na akiona tofauti, mwandiko ndio unaofuatwa.